Kulipa bili ya maji kwa simu Mtwara: uzoefu wa mpangaji anayekusanya fedha za nyumba nzima

Huduma ya kulipa bili ya maji kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani wengi huiita kontroo namba, ni nzuri na ninaitumia kila mwezi, lakini anayedhani kwamba kuwa nayo kunatosha kumkinga na kukatiwa maji atajikuta siku moja anamtazama fundi akifunga koki ya nje ilhali fedha ya bili anayo mfukoni. Kwa ninavyoona mimi, kulipa kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Ucheleweshaji hutokea kabla ya hapo, katika siku zinazopita baina ya mita kusomwa na taarifa ya bili kumfikia mtu ambaye kweli ndiye mlipaji.

Ninaishi Chikongola, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, kwenye nyumba ya wapangaji yenye kaya nne na mita moja ya maji. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kukusanya fedha na kulipa. Kazi hiyo haina mshahara wala shukrani, ila imenifundisha mambo ambayo mtu mwenye mita yake mwenyewe huenda asiyajue.

Nianze na malipo. Tangu mwaka 2017 taasisi za umma zilipoanza kuingizwa katika mfumo wa serikali wa malipo kwa njia ya kielektroniki, yaani GePG, fedha ya bili ya maji haipiti tena mkononi mwa mtumishi. Kila bili hutolewa na namba yake yenye tarakimu 12, nawe unaweza kuilipia kwa simu, kwa wakala au benki. Kwa simu unaingia kwenye orodha ya mtandao wako, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, unachagua malipo ya serikali, unaandika namba ya kumbukumbu na kiasi, kisha unathibitisha kwa namba ya siri. Ujumbe wa kupokelewa kwa malipo hurudi kwenye simu, na huo ndio stakabadhi yako. Mimi siufuti mpaka bili inayofuata itoke ikionyesha kwamba deni la nyuma limefutwa. Mtandao wa simu au benki hutoza makato yake juu ya bili, na kwa kuwa makato hayo hupanda kulingana na kiasi kinacholipwa, tumekubaliana katika nyumba yetu kwamba yagawanywe kama bili yenyewe badala ya kuniachia mimi.

Jambo moja sikulitarajia, nalo ni kwamba namba za kumbukumbu hazifanani kwa masharti. Zipo zinazokubali ulipe kidogo kidogo, na zipo zinazokataa kiasi chochote kilicho pungufu ya kile kilichoandikwa. Vilevile namba huwa na muda wake wa kutumika, na ukiisha unalazimika kuomba nyingine. Kwa hiyo mtu aliyezoea kulipa nusu leo na nusu wiki ijayo aulize mapema namba yake ni ya aina gani, asije akagundua hilo siku ya mwisho.

Na siku ya mwisho yenyewe mimi siiamini. Nimewahi kuona malipo yaliyofanywa jioni yakikatwa kwenye simu papo hapo, kisha uthibitisho ukachelewa hadi kesho yake kwa sababu mtandao ulikuwa unasumbua. Fedha haikupotea, lakini kwenye kumbukumbu za mamlaka ya maji nyumba ilikuwa bado inadaiwa, na orodha ya watu wa kukatiwa haiandikwi kwa kuangalia salio la simu ya mtu. Ninalipa siku kadhaa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye bili, na kaya isiyokuwa na fedha siku hiyo inaandikwa deni kwangu, si kwa mamlaka.

Gharama ya kuchelewa inayotuuma ni ada ya kurudishiwa huduma. Ukishafungiwa, unalipa deni lote, unalipa na ada hiyo, kisha unamsubiri fundi aje kufungua, na katika muda huo unanunua maji kwa ndoo kutoka kwa wenye mikokoteni. Tulipofungiwa, sehemu yangu ya ada peke yake ilizidi kile ninacholipa kwa mwezi wa kawaida. Kilichotuponza ni kwamba ujumbe wa bili ulikuwa unakwenda kwa mama mwenye nyumba, ambaye anaishi Dar es Salaam kwa mwanawe, kwa kuwa namba ya simu iliyosajiliwa siku ya kuunganishiwa maji ilikuwa yake. Nilipompigia na kumwamkia, akanijibu kwa utulivu wake wote, “Marahaba mwanangu. Hizo meseji naziona nyingi, lakini ipi ya maji na ipi ya kuniambia nimeshinda pikipiki, mimi sijui.” Sikuwa na la kumlaumu. Bili ilikuwa imetolewa kwa wakati, imetumwa kwa wakati na imefika, ila imefika kwa mtu asiyeoga kwa maji hayo.

Ufumbuzi ulikuwa barua. Aliandikiwa na mjukuu wake, akaisaini na kuambatanisha kopi ya kitambulisho, akaeleza kwamba akaunti inabaki kwa jina lake lakini taarifa za bili zitumwe kwenye namba yangu. Niliipeleka ofisini pamoja na bili ya zamani yenye namba ya akaunti, na kwa haki niseme kwamba nilihudumiwa vizuri na mabadiliko yakafanyika bila mzunguko wowote. Kama ningetakiwa kutaja jambo moja tu la kufanywa na mpangaji anayehamia nyumba yenye mita, ningetaja hili, tena kabla ya kuuliza kama choo kinavuta vizuri. Namba ya akaunti iandikwe mahali inapoonekana na kila mtu, kwa sababu ukiwa nayo unaweza kuulizia deni na kupewa namba ya kumbukumbu hata kama ujumbe haujaja.

Jambo la pili ni kuijua mita. Wapangaji wengi huipita kila siku pale getini pasipo kuifunua mfuniko. Tarakimu nyeusi zinahesabu mita za ujazo, ambazo kwenye bili ndizo uniti, na tarakimu nyekundu zinahesabu sehemu za uniti ambayo haijakamilika. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukikuta mita ilisomwa 412 mwezi uliopita na sasa inasoma 427, mmetumia uniti 15, ambazo ni sawa na ndoo 750, nawe unazidisha uniti hizo kwa bei iliyoidhinishwa kwa kundi lenu la wateja. Bei hizo huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mteja wa majumbani hayumo katika kundi moja na mteja wa biashara, kwa hiyo ni vema kuangalia kwenye bili mmewekwa kundi gani.

Msoma mita anapokuja ninapenda kuwa karibu naye ili tusome pamoja, na mamlaka zenyewe siku hizi zinahimiza hivyo. Ninapiga picha ya mita kwa simu, tarakimu zikionekana wazi, kisha bili ikitoka ninalinganisha. Mwezi mmoja alikuta geti limefungwa kwa kuwa sote tulikuwa makazini, na bili iliyotoka ilikuwa ya makadirio, iliyozidi kwa mbali matumizi yetu. Picha niliyokuwa nayo, yenye tarehe yake, ilimaliza mabishano ambayo bila hiyo yangekuwa neno langu dhidi ya neno la mfumo. Mhusika alilinganisha, akatuma mtu kuhakiki, na bili ikarekebishwa. Nilichokifanya wakati tukisubiri, kwa makubaliano na ofisi, ni kulipa kiasi kinacholingana na matumizi yetu ya kawaida, kwa maana kugoma kulipa kabisa kungeiweka nyumba kwenye orodha ya kukatiwa hata kama haki ilikuwa upande wetu. Malalamiko yasipomalizwa na mtoa huduma, mteja anaweza kuyafikisha EWURA, lakini wao watauliza kwanza kama ulianzia kwa mtoa huduma, kwa hiyo nakala ya kila barua itunzwe.

Si kila bili kubwa ni kosa la msoma mita. Mara nyingine maji yanakwenda kweli, ila hayaendi kwenye ndoo ya mtu. Njia ya kupima ni kufunga bomba zote usiku, watu wakishalala, na kuangalia kile kigurudumu kidogo cha kwenye mita. Kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja. Kwetu lilikuwa tangi la kuflashi la choo cha uani, ambalo lilivujia ndani ya sinki kimyakimya bila kulowesha sakafu, hata mtu asingeweza kulihisi kwa jicho. Mpira wa kubadilisha ulikuwa wa bei ndogo mno ukilinganisha na uniti zilizokuwa zinapotea. Ninaongeza pia kwamba maji yanapokatika mtaani tunafunga koki ya kuingilia kwenye simtanki na bomba zote, kwa kuwa hewa inayosukumwa kwenye mabomba pale maji yanaporudi nayo inaweza kuuzungusha mtambo wa mita.

Kugawana bili ni mtihani mwingine, na hapa huduma ya simu haiwezi kutusaidia. Mwanzo tuligawa kwa kaya, kila kaya robo. Kijana anayeishi peke yake chumba cha mbele alilalamika, na alikuwa na hoja. Tukahamia kugawa kwa vichwa, watoto wachanga wakisamehewa, ingawa mtu yeyote aliyewahi kufua nepi atajua kwamba huo ulikuwa msamaha wa huruma zaidi kuliko wa hesabu. Kisha dada mmoja akaanza kuuza barafu na juisi ya ubuyu, na matumizi yakapanda. Tulikaa barazani, tukamwomba awe anahesabu ndoo za biashara yake, naye akakubali bila ugomvi. Ndoo hizo hutolewa kwanza kwenye hesabu kwa bei ya uniti, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa vichwa. Daftari la hesabu hiyo liko wazi kwa kila mtu, na hakuna anayelipa kwa kuambiwa tu kwa mdomo.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba kipato cha watu wengi hakiji kwa mwezi. Majirani zangu wawili wanategemea mashamba ya korosho upande wa Tandahimba, na fedha yao huonekana kuanzia Oktoba minada inapoanza, korosho zikishapelekwa ghalani kupitia vyama vya msingi na malipo kuingizwa benki. Kuanzia mwanzo wa masika hadi wakati wa kupulizia dawa mikorosho, mkono huwa mtupu, ilhali mita haijui msimu. Tulichoamua ni kwamba wakati wa mavuno kila mwenye korosho aweke fungu la maji la miezi ya mbele. Nilijaribu mara moja kulipa zaidi ya bili, na kiasi kilichozidi kilionekana kwenye bili iliyofuata kama salio, likapungua kadiri tulivyotumia. Namba iliyokubali kiasi kikubwa zaidi ndiyo iliyowezesha hilo. Ikikataa, fungu hilo linakaa kwenye akaunti ya kikundi, wala si kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi.

Kuhusu matapeli nitasema kwa ufupi. Bili ya maji hailipwi kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anayepiga anajua jina la mwenye nyumba na anadai kuwa yuko njiani na spana. Anayekuja kukata kwa haki ana kitambulisho, na anayedai kwa haki ana namba ya kumbukumbu.

Nimesikia mengi kuhusu mita za malipo ya kabla, zinazofanya kazi kama LUKU ya umeme, yaani unanunua uniti kwanza ndipo utumie, ambazo zinaendelea kufungwa sehemu mbalimbali za nchi. Kwa mwenye nyumba yake nadhani zitaondoa kabisa habari ya kuchelewa, kwa sababu hakuna deni la kuchelewesha. Kwa nyumba kama yetu sina hakika kwamba ni nafuu, kwani uniti zikiisha usiku swali litakuwa nani anunue, na aliyenunua atadai wenzake asubuhi wakiwa tayari wameshaoga.

Huduma ya malipo kwa simu naipa alama nne kati ya tano. Alama moja naibakiza kwa sababu ujumbe wa bili unaofika kwangu ni mfupi mno. Ningependa uonyeshe usomaji wa nyuma na wa sasa pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa katika ujumbe uleule, ili ninapowapelekea wenzangu kwenye kundi la WhatsApp nisilazimike kuandika maelezo mengine chini yake.

Kwa sasa kazi iliyo mbele yangu ni ya kijana wa chumba cha mbele, ambaye anahama mwisho wa mwezi. Tumekubaliana kwamba siku atakayotoa vyombo tutasoma mita pamoja, tutapiga hesabu ya sehemu yake kwa bei ya uniti ya bili iliyopita, na atanikabidhi fedha hiyo kabla ya gari la mizigo kuondoka, kwa kuwa bili yenyewe itakapotoka yeye atakuwa ameshafika Masasi.