Bili ina "uangalizi wa usiku", chupa ya dripu iko vilevile

Kliniki hii ya mifugo hapa Dar imenitoza uangalizi wa usiku kwa mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa virusi vinavyochubua utumbo, na asubuhi chupa ya dripu ilikuwa na maji yaleyale ya jioni. Nilibandika plasta kwenye chupa na kuchora mstari kwa kalamu. Maji hayakushuka hata upana wa kidole. Kanula, kile kimrija kinachoingia mshipani, ilikuwa imeziba kwa damu iliyoganda. Iliwekwa mguu wa mbele, na mbwa akikunja kiwiko maji husimama. Hilo linatokea kliniki yoyote, na ndiyo sababu analipwa mtu wa kukesha: anyooshe mguu, ahesabu matone, asukume kwenye kanula mililita moja mbili za saline (maji ya chumvi) isizibe, kila baada ya saa nne hadi sita.

Nilipouliza, mhudumu akanijibu: "Si mbwa koko tu huyu? Akifa utapewa mwingine bure." Hakuniomba radhi, wala hakuna aliyemkemea.

Parvo haina dawa ya kuua virusi. Kinachookoa ni maji, mpaka utumbo ujijenge upya. Mtoto wa kilo 5 aliyepungukiwa maji kwa asilimia 8 anahitaji mililita 400 kufidia, na nyingine 300 hivi za mahitaji ya kawaida ya kutwa, bila kuhesabu anachotapika na kuhara. Hizo ni 700 kwa saa 24, karibu 29 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaodondosha matone 20 kwa kila mililita, ni kama matone 10 kwa dakika. Usiku mmoja wa saa 12 unamnyima mililita 350, pamoja na glukosi, yaani sukari, iliyochanganywa humo, na watoto wa mbwa sukari huwashuka upesi mno. Nusu ya bili yangu ni huo usiku. Nimelipia hewa.

Daktari wa mchana sina neno baya naye. Alianza na kipimo cha kinyesi kabla ya kutaja pesa ya kulaza. Akapima uzito kwa mizani, hakukisia. Alichoma maropitanti ya kuzuia kutapika, miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku, na antibiotiki kwa ajili ya bakteria wanaopenya utumbo uliochubuka, akaongeza potasiamu kwenye dripu. Tena alianza kulisha mapema kwa mpira wa puani, badala ya ile desturi ya kumshindisha mgonjwa na njaa. Kwa ajili yake nilitaka kuandika nyota tatu.

Lakini hata yeye alinipa njia mbili tu: lipa amana ya kulaza, au achomwe sindano alale moja kwa moja. Njia ya kati ipo! Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, waliifanyia majaribio kwa mbwa 40: waliolazwa walipona asilimia 90, waliotibiwa kwa utaratibu wa nyumbani asilimia 80. Mgonjwa huanza kwa maji ya mshipani hapohapo kliniki, kisha hupewa maji chini ya ngozi, jumla ya mililita 120 kwa kilo kwa siku, yakigawanywa mara tatu au nne, pamoja na maropitanti kila siku na antibiotiki ya kukaa muda mrefu. Sukari hupimwa, na mbwa aliyezimia au mwenye mwili wa baridi hafai kupelekwa nyumbani. Mtu asiye na pesa ya kulaza ana haki ya kuambiwa haya kabla hajatia saini mbwa wake auawe.

Kwa hiyo ukienda, uliza nani kwa jina analala hapo, na dripu inakaguliwa kila baada ya saa ngapi. Omba karatasi ya usiku yenye saa na kiasi cha maji. Wasipokuwa nayo, tibisha mchana, jioni ondoka na mgonjwa wako na sindano za maji ya ngozi. Ukirudi, sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, ikae dakika 10, maana virusi hivi hukaa miezi mingi.

Nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya daktari wa mchana. Pesa ya usiku nataka irudi.