Riwaya za Uchawi, Upelelezi na Mapenzi ya Jinsia Moja: Ipi Uinunue Kwanza

Riwaya inayochanganya uchawi, upelelezi na mapenzi ya jinsia moja hubeba ahadi tatu kwenye jalada moja, na mara nyingi hutimiza mbili tu. Muuaji anakamatwa lakini wapenzi wanaachwa njiani. Au wapenzi wanafika salama, na fumbo la mauaji linasukumiwa kitabu cha tatu ambacho hukupanga kukinunua. Ndiyo maana tumezipanga riwaya hizi kwa kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: ukilipia kitabu kimoja tu, je, kilichofunguliwa humo kinafungwa humohumo? Baadhi zinakosa moja ya ahadi hizo tatu, na hilo pia limezishusha nafasi. Zote ni za Kiingereza, zimetoka kati ya 2019 na 2024, na hatumtaji muuaji hata mmoja.

Kabla ya kulipa, jua kanuni moja ya wachapishaji. Riwaya inayouzwa kama ya mapenzi lazima iishie kwa wapenzi kuwa pamoja na kuwa na furaha. Riwaya ya upelelezi yenye mpelelezi shoga haifungwi na kanuni hiyo. Mpenzi wake anaweza kufa au kuondoka. Yasome maelezo ya nyuma ya jalada kwa jicho hilo. Yakitaja watu wawili kwa majina, na kila mmoja anachokitaka na kinachomzuia, hiyo ni riwaya ya mapenzi. Yakitaja mtu mmoja na maiti, mapenzi yatakuwa ya pembeni.

Juu kabisa tunaiweka "The Tainted Cup" ya Robert Jackson Bennett (2024), iliyopata Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi na za kichawi, ya riwaya bora mwaka 2025. Ofisa wa wahandisi wa himaya anakutwa amekufa katika jumba la matajiri, mmea umechipuka ndani ya mwili wake na kumpasua. Mpelelezi Ana Dolabra hujifunga kitambaa machoni ili fahamu zake zisizidiwe, na ni nadra kutoka nyumbani. Anayekwenda kuona na kusikia kwa niaba yake ni msaidizi wake, Dinios Kol, kijana aliyebadilishwa mwili ili asisahau chochote, na ambaye huziita kumbukumbu zake kwa kunusa vichupa vyenye harufu tofauti.

Tumeipa nafasi ya kwanza kwa sababu uchawi wake, kama tunaweza kuuita hivyo, una kanuni zinazowekwa wazi mapema. Mimea hatari, miili iliyobadilishwa, madubwana ya baharini yanayozijia kuta za himaya kila msimu wa mvua: msomaji anaelezwa vyote hivyo kabla havijageuka kuwa ushahidi. Msomaji makini ana nafasi ya haki ya kumfikia mhalifu kabla ya Ana. Hapa ndipo riwaya nyingi za upelelezi wa kichawi zinapoharibika. Mchawi huibuka na nguvu mpya kurasa za mwisho, na vidokezo vyote ulivyovikusanya vinakuwa kazi bure. Bennett hafanyi hivyo hata mara moja, na mauaji yanapata jawabu kamili kabla ya ukurasa wa mwisho.

Kasoro zake ni mbili. Kurasa kama hamsini za mwanzo zimejaa vyeo na istilahi za jeshi, kwa hiyo usiihukumu kabla ya kuzivuka. Pili, mapenzi ni machache: Dinios anavutiwa na askari mwenzake, jambo limeandikwa kwa staha na ukweli, lakini halichukui nafasi kubwa. Kitabu cha pili, "A Drop of Corruption" (2025), kina kesi mpya. Hakuna haja ya kununua vyote viwili kwa mkupuo.

Anayetaka mapenzi yawe moyo wa kitabu aanze na namba mbili, "A Marvellous Light" ya Freya Marske (2021). Tuko Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20. Robin Blyth anapelekwa kwa makosa kwenye kazi ya serikali inayoshughulika na wachawi, na muda si muda anawekewa laana mkononi. Wa kumsaidia ni Edwin Courcey, msomi mwenye uchawi haba kiasi kwamba hulazimika kutumia uzi vidoleni pale ambapo wenzake hutumia mikono mitupu. Uzi huo ni ubunifu mzuri mno. Unaonyesha tabaka, aibu na ustadi wa Edwin kwa wakati mmoja, na Robin anaanza kumpenda kwa kuitazama mikono hiyo ikifanya kazi. Mapenzi yao yanajengwa polepole, kisha matukio ya chumbani yanaandikwa bila pazia. Asiyependa hayo ajue mapema.

Mbona basi haikushika nafasi ya kwanza? Habari ya laana na ya wapenzi hawa inafungwa vizuri, lakini njama kubwa iliyo nyuma yake inapita vitabu vitatu. Hesabu gharama ya vyote kabla hujaanza: "A Restless Truth" (2022), inayotokea melini na yenye wapenzi wawili wanawake, kisha "A Power Unbound" (2023). Kila kimoja kina wapenzi wake, na jambo hilo huwadanganya wanunuzi wakadhani vinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote. Haviwezi. Ukianza na cha tatu umeshaharibu siri za viwili vya kwanza.

Ya tatu ni "Lavender House" ya Lev AC Rosen (2022), isiyo na uchawi wowote. Mwaka ni 1952. Andy Mills amefukuzwa polisi San Francisco baada ya kunaswa katika msako wa baa ya mashoga, na sasa anaitwa kuchunguza kifo cha mwanamke aliyeongoza kampuni kubwa ya sabuni. Karibu kila anayeishi katika jumba la marehemu ni mpenzi wa jinsia yake, na wote wana siri moja ya kulinda dhidi ya nje. Fumbo linabanwa na hali hiyohiyo: shahidi hawezi kueleza alikuwa wapi usiku ule bila kujiweka hatarini mbele ya sheria. Hatujaona wengi wakiunganisha historia na upelelezi kwa ukazo kama huu. Kesi inafungwa. Mwanzo wake una mawazo ya kujiua, na anayenunua kama zawadi alikumbuke hilo. Wapenzi wa Andy huja baadaye katika mfululizo, kuanzia "The Bell in the Fog" (2023).

"Death in the Spires" ya K.J. Charles (2024) inafuata kwa karibu. Rafiki mmoja wa kundi la wanafunzi wa Oxford aliuawa, kesi haikupata jawabu, na miaka kumi baadaye Jem Kite anarudi kuuliza. Kinajitosheleza, kwa hiyo ni chaguo salama kwa mtu asiyetaka mfululizo. Jihadhari na jambo moja: mwandishi huyu anajulikana zaidi kwa riwaya za mapenzi, na wanaoifuata sifa hiyo hukuta hapa uhalifu umechukua kiti cha mbele.

Nafasi ya tano ni ya "The Witness for the Dead" ya Katherine Addison (2021). Thara Celehar, kasisi anayeweza kupokea mawazo ya mwisho ya waliokufa karibuni, anatafuta aliyemuua mwimbaji wa opera. Ni kitabu kifupi, kitulivu, chenye huruma kubwa kwa watu wadogo. Kinachowashinda wengi ni majina. Shika haya matatu na nusu ya kazi imekwisha: Mer ni bwana, Merrem ni mke wa mtu, Min ni binti asiyeolewa. Celehar anatokea pia katika "The Goblin Emperor" (2014), lakini huhitaji kuisoma kwanza. Mapenzi ni minong'ono tu.

"Legends & Lattes" ya Travis Baldree (2022) tunaipa ya sita kwa sababu haina fumbo la maana. Viv, mwanamke mpiganaji wa kabila la maorki, viumbe wa kubuni wenye miili mikubwa, anaweka upanga chini na kufungua mgahawa wa kahawa, na polepole anampenda mfanyakazi mwenzake, Tandri. Kwa anayetaka kupumzika baada ya vitabu vizito, ipandishe hadi ya kwanza. Inunue ya sauti: mwandishi ni msimulizi wa vitabu vya sauti kwa taaluma, na anaisoma mwenyewe.

Ya mwisho ni "Gideon the Ninth" ya Tamsyn Muir (2019). Haiko mwisho kwa ubovu. Mauaji ndani ya jumba lililofungwa, wachawi wa mifupa, shujaa wa kike anayewapenda wanawake waziwazi: ni kitabu chenye nguvu isiyo ya kawaida. Ila si riwaya ya mapenzi, mwisho wake unauma, na mfululizo uliopangwa kuwa wa vitabu vitatu umepanuliwa hadi vinne. Cha pili, "Harrow the Ninth" (2020), kimeandikwa kwa makusudi ili kimchanganye msomaji. Usinunue seti nzima kabla hujamaliza cha kwanza.

Kuhusu umbo la kitabu, fumbo linataka kurudi nyuma kuangalia nani alisema nini, kwa hiyo chagua karatasi au kitabu pepe. Kitabu pepe kinashinda pale unapoweza kutafuta jina la mhusika na kuona kila alipotajwa. Sauti ni nzuri kwa mapenzi, na ni mtihani kwa Addison, maana huoni tahajia ya majina. Matoleo yenye kingo za kurasa zilizopakwa rangi huwa na maandishi yaleyale; unalipia mapambo. Majalada ya Uingereza na Marekani hutofautiana, hivyo linganisha jina la mwandishi na kichwa cha kitabu ili usinunue kilekile mara mbili. Kwenye orodha za mfululizo, namba kama 0.5 au 1.5 kwa kawaida ni hadithi fupi za pembeni zinazoweza kusubiri.

Soma sampuli ya bure hadi maiti ya kwanza, au hadi wapenzi wazungumze mara ya kwanza. Ikiisha na hujali nani kafa wala nani kapendwa, acha.

Na kama kusoma mapenzi ya jinsia moja ni jambo lako binafsi, kagua mipangilio kabla ya kubonyeza kununua. Akaunti ya familia inaweza kuonyesha jalada kwenye simu na kompyuta kibao za wote. Zima kushiriki maktaba, zima mapendekezo kwenye skrini ya kufungia, na ondoa spika ya nyumbani kwenye akaunti ya vitabu vya sauti, maana huweza kuendelea kusoma pale ulipoishia mbele ya yeyote aliyepo sebuleni.