Sahani ya The Iveys ambayo Waingereza hawakuuziwa

Haya jamani, karibuni tena. Hii niliyoshika ni CD ya albamu iitwayo Maybe Tomorrow, ya kundi la The Iveys. Kasha lake limepasuka hapa pembeni, mnaona? Limenifikia hivi hivi. Muuzaji kalizungushia gazeti moja tu, mengine kamwachia Mungu. Ila diski yenyewe nzima, haina hata mkwaruzo.

Najua jina The Iveys halikwambii kitu, kwa hiyo ngoja nikupitishe mlango wa nyuma. Unaukumbuka Without You wa Mariah Carey, ule wa 1994, uliopigwa redioni mpaka ukatamani betri ziishe? Haukuwa wake. Waliotunga ni Pete Ham na Tom Evans wa kundi la Badfinger, na kabla ya Mariah, Harry Nilsson alikuwa ameshaufikisha namba moja Marekani mwaka 1972. Sasa hao Badfinger, kabla hawajabadili jina, ndio The Iveys. Ham, Ron Griffiths wa besi na Mike Gibbins wa ngoma ni vijana wa Swansea, Wales, na jina walilitoa kwenye mtaa wa huko huko, Ivey Place. Evans alitoka Liverpool.

Mwaka 1968 wakasajiliwa na Apple Records, kampuni ya Beatles. Aliyewapigia debe ni Mal Evans, msaidizi wa Beatles wa miaka mingi. Unaweza kudhani hapo maisha yamenyooka. Wimbo wa kwanza, huo huo Maybe Tomorrow, ukatoka Novemba 1968. Uingereza ukapita kimya, Marekani ukaishia namba 67. Albamu ikawa tayari 1969, halafu ikatolewa nchi tatu tu: Italia, Ujerumani Magharibi na Japani. Basi. Sababu inayosimuliwa zaidi ni kwamba Allen Klein, meneja mpya aliyeingia Apple mwaka huo, alisimamisha mambo mpaka apange nyumba. Fikiria: kundi la Uingereza, kampuni ya Uingereza, wanaimba Kiingereza, na mtu wa Swansea akiitaka sahani yao hana pa kuinunua. Wa Tokyo anayo.

Tuje kwenye muziki. Mtayarishaji wa sehemu kubwa ni Tony Visconti, huyu huyu wa David Bowie na T. Rex, na nyimbo nyingine zilisimamiwa na Mal Evans. Unasikia kabisa kwamba wapishi walikuwa wengi. Wimbo unaobeba jina la albamu ni wa Tom Evans: anaanza chini, taratibu, vayolini zinaingia, kisha kwenye kibwagizo anapandisha sauti mpaka unamhofia koo lake. Mzuri? Mzuri. Lakini umevalishwa suti ya mtu mkubwa.

They're Knocking Down Our Home wa Pete Ham ndio ulionishika bila kutarajia. Ni wa mtindo wa kizamani, kama wa kwenye kumbi zao za maonyesho za enzi za mababu, na unamsikia mtu akilalamika kwamba nyumba yao inabomolewa. Kama umewahi kuamka ukakuta X nyekundu ukutani kwako, hutahitaji mkalimani. Fisherman sikuupenda, una mapambo mengi kuliko samaki. I'm in Love unachekesha kidogo, unapita.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niwashe kamera leo. Baadaye Ron Griffiths alilalamika gazetini kwamba wanahisi wametelekezwa. Paul McCartney wa Beatles akaja na Come and Get It, wimbo alioutunga mwenyewe, akawapa. Ukafika namba 4 Uingereza na namba 7 Marekani, wakiwa sasa ni Badfinger. Ikatakiwa albamu ya haraka, ikatoka 1970, Magic Christian Music. Wakafungua kabati la ile ya zamani, wakachukua nyimbo saba kwa toleo la Uingereza. Ukizipanga hizo saba mezani unagundua kitu: karibu zote ni laini! Dear Angie, Angelique, Beautiful and Blue, za kubembeleza tupu.

Zilizoachwa je? Zimo See-Saw, Granpa (huo ni wimbo mmoja), Sali Bloo, Think About the Good Times, I've Been Waiting. Yaani zile zenye meno. Watu wanaowaita Badfinger mababa wa pawa popu, yaani gitaa linalonguruma, sauti za kuitikiana na kibwagizo kinachong'ang'ania kichwani siku mbili, huanzia kuhesabu kwenye No Matter What wa 1970. Mimi nasema mbegu ilikuwa humu, kwenye nyimbo walizoziacha. Chukua See-Saw, Granpa: unafungua albamu kwa fujo, rokenroli ya vijana wa klabu wanaocheza kama mwenye ukumbi kasimama mlangoni na hela yao. Halafu uruke mpaka mwisho wa albamu ya awali, I've Been Waiting, zaidi ya dakika tano, gitaa linaachiwa likimbie lenyewe. Hapo hakuna vayolini wala suti.

Ununue? Kama hujawahi kuwasikia Badfinger, hapana, usianzie hapa. Anza na albamu zao No Dice au Straight Up, ukinogewa ndipo urudi. Kama tayari ni mtu wao, ndiyo, ila tafuta CD ya 1992 kama hii yangu, imeongezewa nyimbo nne. Ile sahani ya Japani ya 1969 waachie wakusanyaji na pesa zao. Na ukiipata hii CD, usiisikilize kwa mpangilio walioupanga. Anza na zile nne nilizozitaja, kwa sauti kubwa, majirani wavumilie. Hizo laini utazisikia usiku.

Mimi nakwenda kutafuta gundi ya hili kasha.