Kimiminika cha kuvutia kapi: chupa moja, wiki sita ziwani

Kapi, yaani samaki aina ya carp, huonja kabla ya kumeza. Zile sharubu zake nne zimejaa vionjio, kwa hiyo kinachomvuta zaidi ni kile kinachoyeyuka majini. Ndiyo maana nilichagua kimiminika hiki cha samaki waliomeng'enywa kwa vimeng'enya, nikaacha vile vya mafuta. Mafuta hayayeyuki, kwenye maji baridi hugandia chambo na harufu haisambai.

Nililoweka mahindi makavu usiku kucha, nikayachemsha hadi yakalainika, nikayamwagia kimiminika yakiwa bado vuguvugu. Punje zinapopoa hunyonya vizuri. Vijiko vitano kwa kilo moja vilitosha. Siku niliyozidisha, mahindi yaliteleza na kunuka uchungu, na chambo changu hakikuguswa hata mara moja.

Nilitega mishipi miwili kila asubuhi, mmoja wenye mahindi yaliyolowekwa, mwingine mahindi matupu, nikiibadilisha nafasi. Maji yakiwa baridi, ule uliolowekwa uliguswa mapema zaidi, na hapo nilifurahi sana. Maji yalipopata joto sikuona tofauti kubwa; kapi wenye njaa walikula vyote.

Kilichoniudhi ni kifuniko. Kinavuja, na begi langu lote lilinuka. Tena lebo haisemi kuna chumvi kiasi gani, jambo ambalo mvuvi anastahili kujua.

Nitanunua tena kwa ajili ya miezi ya baridi, ila nitakihamishia kwenye chupa nyingine.