Simu ya vitufe vikubwa kwa mzee anayeishi peke yake: tathmini ya miezi minane

Mama yangu ana miaka 78, anaishi peke yake Pangani, na hataki kusikia habari ya kuhamia Dar es Salaam. Badala ya kuendelea kubishana naye, tulimnunulia Kariakoo, kwa shilingi 70,000, simu ya vitufe iliyotengenezwa kwa ajili ya wazee.

Tarakimu zake anazisoma bila miwani. Tochi huwashwa kwa swichi ya ubavuni bila kupitia menyu, na umeme unapokatika usiku hakuna anachokithamini zaidi ya hicho. Chaji hukaa siku nne. Kwa kuwa menyu ya M-Pesa hufunguka kwa *150*00# bila intaneti, Mama hupokea fedha na kununua umeme wa LUKU mwenyewe, wala hamtajii mjukuu namba yake ya siri.

Kilichotushawishi hasa ni kitufe chekundu cha dharura kilicho mgongoni. Kikishikiliwa kwa sekunde tatu, king'ora hulia, ujumbe hutumwa kwa namba tano zilizohifadhiwa, kisha simu hupiga namba hizo moja baada ya nyingine na kukoma pale mmoja anapopokea. Sisi wanawe, kwa kujiona ndio wenye Mama, tulijiweka juu: mimi wa Dar es Salaam, kaka wa Mwanza, dada wa Muscat, jirani wa ukuta kwa ukuta akawa wa mwisho. Mama alipoteleza bafuni, nilipokea mimi, nikaanza kuhangaika kutafuta namba ya jirani aliyekuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Ujumbe haukumfikia, kwani kifurushi kilikuwa cha dakika tupu, hakina SMS, na king'ora chenyewe hakikuvuka ukuta wa bafu. Alhamdulillahi, aliumia kifundo cha mguu tu. Sasa jirani ni wa kwanza, dereva wa bodaboda anayempeleka hospitali ni wa pili, nasi tumejipanga nyuma yao.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinakera. Sauti inayotaja namba unapobonyeza ni ya Kiingereza na haibadilishiki, na kijitabu cha maelezo, cha simu ya wazee, kimechapwa kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma kwa taabu. Kusajili laini kwa alama za vidole nako kulitumaliza asubuhi nzima, maana vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini mashine haivisomi upesi. Hilo si kosa la simu, ila jiandae.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, lakini ningechagua yenye kitako cha kuchajia, kwa sababu kile kitundu kidogo cha waya humsumbua mtu mwenye mikono inayotetemeka. Nenda dukani na laini yenye salio, ukijaribu kitufe cha dharura papo hapo. Muuzaji akikukatalia, maduka ya simu Kariakoo hayajaisha.