Bastola ya Kujikinga na Dubu: 10mm, .44 Magnum au Kubwa Zaidi?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Kabla sijashika chochote: bastola zote mnazoziona mezani hazina risasi, nimezikagua moja moja kabla ya kuwasha kamera, na risasi za kuwaonyesha nimeziweka mbali nazo.

Leo ni dubu. Wengi wenu mlioko nyumbani mmemwona kwenye picha tu, lakini wanaozungumza Kiswahili wamefika hadi Alaska, kule Marekani. Kuna ndugu zetu Wakongomani pale Anchorage, na wapo wanaopenda kwenda kuvua samaki mtoni, ambako dubu naye anawafuata samaki hao hao. Mtu akiingia dukani kuuliza bastola ya kujikinga, mara nyingi anaambiwa achukue kubwa kuliko zote. Ushauri huo siukubali hata kidogo, na nitawaeleza kwa nini.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Dubu wa kahawia anakimbia hadi kilomita 56 kwa saa. Akichomoka kichakani mita 30 kutoka uliposimama, anakufikia kwa sekunde mbili. Ndani ya hizo sekunde mbili ushtuke, umtambue, uchomoe bastola, ulenge, ufyatue. Na hata ukimpiga moyoni, bado anaweza kubaki na nguvu kwa sekunde kadhaa, ambazo zinamtosha kabisa kukudhuru. Kinachomwangusha papo hapo ni risasi iliyofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, na kufika huko ni lazima ipite manyoya, ngozi, mafuta, misuli na mifupa minene.

Ndiyo maana naanza na kichwa cha risasi kabla ya kaliba, yaani upana wa risasi unaotajwa kwa namba kama 10mm au .44. Tazameni hizi mbili, zote ni 10mm. Hii ya kushoto ina tundu puani. Imetengenezwa ichanue ikiingia mwilini, iishie humo humo isimpate mtu aliye nyuma. Kwa askari wa mjini inafaa. Kwa dubu mkubwa siitaki, kwa sababu ikishachanua inapoteza mwendo mapema na inaweza kuishia kwenye mafuta na misuli ya bega. Hii ya kulia ni madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni mpaka yakawa magumu. Naipitishia ukucha, mnaona? Haiachi hata mkwaruzo. Pua yake ni bapa, na ubapa huo unaisaidia kwenda moja kwa moja bila kupinda ikigonga mfupa. Ndiyo aina ninayoitaka, kaliba yoyote utakayobeba.

Ila mwenye bastola ya Glock asikilize hapa: kampuni yenyewe inaonya usitumie vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa shaba, kwa ajili ya jinsi mtutu wake ulivyochongwa ndani. Tafuta vichwa vya shaba tupu visivyochanuka, au vile vigumu vilivyovikwa shaba.

Sasa kaliba. Nguvu ya risasi inapimwa kwa jouli. 9mm inatoa kama 500. 10mm iliyojazwa vizuri inatoa kati ya 800 na 950. .44 Magnum inaanzia 1,300 na nzito zake zinafika 1,600. .454 Casull inapita 2,000, na .500 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003, inapita 3,000. Ukisoma namba peke yake unaondoka na ile ya mwisho. Lakini bastola za .500 ndefu zina uzito wa kilo mbili na zinabeba risasi tano. Mtu anayeibeba siku nzima akipanda milima ataishia kuiacha kwenye begi, na dubu hakupi muda wa kufungua zipu.

.44 Magnum ina heshima yake tangu mwaka 1955, na anayeimudu vizuri simwambii aiache. Ninayowaonya nayo ni hii nyepesi, Smith & Wesson 329PD. Ishikeni mtashangaa, haifiki robo tatu ya kilo. Raha ya kubeba, lakini ukiifyatulia risasi nzito inagonga kiganja hadi vidole vinakufa ganzi, mdomo wa mtutu unaruka juu, na kuurudisha kwenye shabaha kunachukua muda ambao huna. Nimewaona watu kwenye uwanja wa shabaha wakipiga risasi mbili wakaiweka chini. Bora Ruger Super Redhawk Alaskan, mtutu mfupi, chuma kizito cha kilo moja na robo, risasi sita. Ile ya .454 inakubali pia risasi za .45 Colt, kwa hiyo unafanya mazoezi na risasi zisizopiga mkono sana.

Hii hapa ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: 10mm, na mfano wangu ni Glock 20. Magazini ni risasi 15, na ikijaa inafika kama kilo 1.1. Risasi ya pili inatoka upesi, ya tatu pia, na bado unaona shabaha. Siyo nadharia tu. Doria ya Sirius, wanajeshi wa Denmark wanaozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa mbwa na sleji, wanabeba Glock 20 kwa ajili ya dubu wa barafu.

Kasoro yake niiseme wazi. Dubu akishakulalia na ukamkandamizia mdomo wa bastola mwilini, sehemu ya juu inaweza kurudi nyuma kidogo na bastola ikagoma kufyatuka. Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka kama ile Ruger, haina shida hiyo. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kubaki na rivolva, na aliyeichagua kwa sababu hiyo namwelewa.

Na 9mm? Mwaka 2016 Phil Shoemaker, kiongozi wa wawindaji Alaska kwa miaka mingi, alitumia 9mm yenye vichwa vigumu kumuua dubu wa kahawia aliyewashambulia yeye na wageni wake. Tukio ni la kweli. Lakini ule ni mkono wa mtu aliyeishi na dubu maisha yake yote. Kwa dubu mweusi, ambaye kwa kawaida ni mdogo kuliko wa kahawia, 9mm au .357 yenye kichwa kigumu inaweza kukusaidia. Kwenye mito ya dubu wa kahawia, ongeza nguvu.

Jambo ambalo sitalificha kwa sababu ninachambua bastola: kopo la kumpulizia dubu pilipili. Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero walichapisha utafiti mwaka 2008 kuhusu Alaska. Pilipili ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 wakachapisha wa bunduki na bastola, matukio 269. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84, na waliofyatua hawakuwa na nafuu ya majeraha kuliko ambao hawakufyatua. Kwa hiyo kopo lining'inie kiunoni, bastola ikae kwenye ala ya kifuani ambako mkanda wa begi hauizibi. Kopo hilo haliruhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata kwenye mzigo wa chini, basi linunue ukishafika.

Sheria msizipuuze. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho ya Marekani inamzuia kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Uliza mwanasheria kabla ya kulipa. Tangu Februari 2010 unaweza kubeba silaha kwenye hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo husika, lakini kufyatua humo kwa kawaida bado ni kosa. Kanada ni habari nyingine kabisa, usivuke mpaka na bastola ukidhani mambo ni yale yale. Na ukimuua dubu Alaska kwa kujiokoa, inabidi umchune, ukabidhi ngozi yenye makucha pamoja na fuvu kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska, na uandike maelezo ya kilichotokea. Ngozi si yako.

Video ijayo nitaleta ala tatu za kifuani, tuone ipi inachomoka haraka ukiwa umevaa koti la mvua.