TAHADHARI: Nimepigwa na muuza stendi za kuzuia mtetemo

Jamani, naandika nikiwa na hasira na aibu kubwa. Yule muuzaji niliyemsifia hapa wiki iliyopita, anayeuza stendi za kuweka chini ya vyombo vya muziki eti sauti iwe safi zaidi, ni tapeli. Niliowaelekeza kwake naombeni radhi.

Alivyonifanya ni hivi. Aliweka kicheza santuri juu ya meza tupu, akatua sindano kwenye santuri isiyozunguka, akapandisha sauti, akaigonga meza kwa kifundo cha kidole. Spika zikatoa mshindo, nikaruka. Akatia stendi yake chini ya kicheza santuri, akagonga palepale. Kimya! Akanitazama usoni: "Umesikia mwenyewe, kaka. Sasa amplifaya yako huko nyumbani inateseka kiasi gani?" Kisha akaweka simu juu ya amplifaya iliyokuwa ikipiga muziki, grafu ya mitetemo ikawa inarukaruka. Akatia stendi, grafu ikatulia. Nikalipa seti mbili, ya amplifaya na ya kicheza CD, na mkono nikampa kwa shukrani.

Msiniite mjinga. Mtu amekuonyesha kwa macho na kwa masikio, utamkatalia kwa lipi? Na kwenye santuri alisema kweli. Kazi ya sindano ni kusoma mitetemo midogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo lazima meza iisumbue. Hata amplifaya ya valvu, yaani zile taa za kioo za kizamani za kukuza sauti, ukiigonga valvu unaweza kuisikia kwenye spika.

Lakini amplifaya yangu ni ya transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu! Haina sindano wala valvu. Simu ilipima kutikisika kwa boksi, haikupima umeme unaokwenda kwenye spika. Kicheza CD nacho husoma namba, huzihifadhi kidogo na kusahihisha zilizokosewa kabla hazijawa sauti. Mdogo wangu alinifunga macho, akawa anaweka stendi na kuitoa bila kuniambia. Mara 10. Nilipatia 5, yaani sawa na kubahatisha.

Nikarudi kwake. Akasema masikio yangu hayajazoea, nisubiri, tena ninunue na vishikizo vya kuinua waya za spika zisiguse sakafu! Nilipotaka pesa zangu akanifungia simu. Mtu wa namna hii anyang'anywe leseni, afikishwe mahakamani, arudishe pesa ya kila mtu. Wangapi wamelipa wakaona aibu kusema?

Dalili zilikuwepo. Hakukubali nisikilize bila kujua stendi ipo au haipo. Na sasa nakumbuka, kila alipotia stendi mkono wake ulipita kwenye kitufe cha sauti. Ikipanda kidogo tu, desibeli 1 hivi, sikio linaona muziki umekuwa mzuri zaidi.

Risiti ninayo, na jumbe zake zote nimezihifadhi. Kama nawe umeuziwa, njoo inboksi tuandike malalamiko ya pamoja. Ya kwangu napeleka kesho asubuhi, tuwe wengi au niwe peke yangu.